Chini ya Boneti: Majibu kwa wenye magari ya michezo ya zamani

Ukurasa wa toleo hili nimeutenga kwa wasomaji wanaotunza magari ya michezo yenye umri wa miaka 30 na zaidi. Barua tano nilizozichagua zinatoka miji tofauti na zinahusu magari tofauti, lakini zinafanana kwa jambo moja: karibu kila mwandishi ameambiwa anunue kifaa cha bei kubwa kabla ya mtu yeyote kuinama chini ya boneti na kutazama vizuri.

Oili inadondoka nyuma ya injini

*Shikamoo mwalimu. Nina Eunos Roadster la mwaka 1991, injini ya lita 1.6, ninaloliendesha mwisho wa wiki tu. Tangu mwezi uliopita kila nikilala nalo nyumbani naamka nakuta matone ya oili sakafuni, pale injini inapokutana na giaboksi. Gereji wameniambia sili ya nyuma ya krankishafti imekufa na lazima giaboksi ishushwe. Fedha hiyo sina kwa sasa. Je, niendelee kuendesha? — Msomaji, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kutafuta fedha, tafuta kwanza oili hiyo inaanzia wapi, kwa sababu mahali inapodondokea sipo inapotokea. Oili hushuka, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo uvujaji wowote wa juu upande wa nyuma utaishia pale pale walipokuonyesha. Sili ya krankishafti, yaani mpira unaozuia oili pale mhimili mkuu wa injini unapotokea nyuma, inaweza kuwa imekufa kweli, lakini katika injini hii yuko mshukiwa wa karibu zaidi na wa bei nafuu zaidi.

Nyuma ya silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, upande unaotazama ukuta wa kabini, kuna sensa inayofuata mzunguko wa kamshafti na kuiambia kompyuta wakati wa kupiga cheche. Sensa hiyo imeshikiliwa na bolti moja, na kinachozuia oili isipite pembeni yake ni oringi moja ya mpira. Baada ya miaka 30 ya joto mpira huo huwa mgumu kama plastiki, haubonyei tena, na oili huanza kupenya taratibu, ikatambaa nyuma ya injini na kushuka juu ya giaboksi. Nilipokuwa kijana wa mafunzo nilishusha giaboksi ya gari la mteja kwa dalili kama hii, nikabadili sili, nikarudisha kila kitu mahali pake, na kesho yake tone lilikuwa palepale. Yule mteja alilipa kazi ambayo gari lake halikuihitaji, na tangu siku ile sijashusha giaboksi ya mtu kabla ya kufanya jaribio ninalokueleza sasa.

Injini ikiwa ya baridi, safisha nyuma ya silinda hedi na pande zote za tapeti kava (kifuniko kilicho juu ya silinda hedi) kwa dawa ya kusafishia injini, kausha kabisa, kisha nyunyiza poda ya kawaida ya mwilini juu ya sehemu ulizozisafisha. Endesha kwa dakika 20, zima, subiri injini ipoe kidogo, halafu chukua tochi na kioo kidogo cha mkononi utazame nyuma. Poda itakuwa imelowa na kuwa nyeusi pale oili inapotokea, na alama unayoitafuta ni ile ya juu kuliko zote, kwa maana zote zilizo chini yake ni mapito tu. Ikiwa imeanzia kwenye sensa, umepata jibu. Ikiwa imeanzia kwenye kona za tapeti kava, gasketi yake ndiyo imechoka, nayo ni kazi ya asubuhi moja. Ikiwa juu kote ni kukavu na oili inatokea ndani ya nyumba ya klachi, hapo gereji walisema kweli, na giaboksi ikishushwa itazame na klachi siku hiyo hiyo ili usiilipie kazi ile ile mara mbili.

Kuibadili oringi ya sensa kunahitaji uangalifu wa aina moja: sensa hiyo ndiyo inayopanga wakati wa cheche, na ukiizungusha hata kidogo umeubadilisha. Kwa hiyo, kabla ya kulegeza bolti, chora mstari kwa ncha kali unaopita juu ya mwili wa sensa na juu ya silinda hedi, na ukiirudisha hakikisha mistari miwili inakutana. Injini isizungushwe wakati sensa iko nje. Paka oringi mpya oili kidogo ili isijikunje ikiingia. Baadaye mwombe fundi mwenye taa ya taimingi ahakikishe: kwenye kisanduku cha vipimo kilicho chini ya boneti huunganishwa matundu yaliyoandikwa TEN na GND kwa kipande cha waya, injini ikiwa ya moto na ikizunguka yapata mizunguko 850 kwa dakika, na alama inapaswa kusoma nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu.

Kuhusu kuendelea kuendesha, unaweza, mradi uangalie kijiti cha oili kila unapotaka kutoka. Ila usiliache jambo hili kwa miezi mingi, kwa sababu mipira ya maji ya hita imepita karibu na hapo, na mpira unaolowa oili kila siku huvimba na kulainika hadi siku moja ukapasuka barabarani.

Datsun linagoma likiwa la moto

*Bwana Fundi, salamu kutoka Nairobi. Marehemu baba aliniachia Datsun 240Z la mwaka 1972, alilolipenda tangu alipoyaona ya aina hiyo kwenye mbio za magari za Safari. Asubuhi linawaka bila shida. Lakini nikiendesha mchana, nikazima kwa robo saa kununua kitu dukani, nikirudi linakataa kuwaka, na likiwaka linazimika. Tena nikikanyaga mafuta ghafla linashtuka na kukosa nguvu kwa sekunde moja hivi kabla ya kuchukua. Fundi wangu anasema niondoe kabureta zote mbili, niweke za aina nyingine pamoja na pampu ya umeme. Naogopa kuharibu kitu alichokitunza mzee. — Msomaji, Nairobi*

Pole kwa kuondokewa na mzazi. Baba yako alikuwa na sababu ya kulipenda gari hilo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari wakiwa na 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda na gari la aina hiyo hiyo, na wengi wa rika lake walisimama kando ya barabara za vumbi kuyatazama yakipita. Ninafurahi kwamba umesita kabla ya kuzing'oa kabureta zake, kwa sababu kwa maelezo yako sioni dalili yoyote kwamba zimekufa. Una matatizo mawili yaliyo mbalimbali, na kila moja lina sababu yake.

Tuanze na la joto. Katika injini hii ya silinda sita, manifoldi ya kuingiza hewa na manifoldi ya ekzosi ziko upande mmoja wa silinda hedi, ya kwanza juu na ya pili chini yake. Kabureta zako, kwa hiyo, zinaning'inia juu ya chuma chenye moto mkali. Gari likiwa mwendoni, upepo hupita na petroli mpya ya baridi huingia kila wakati, hivyo joto halipati nafasi ya kukusanyika. Ukizima, upepo unakoma, petroli inasimama, na joto lote la ekzosi linapanda. Ndani ya dakika kumi au kumi na tano petroli iliyomo kwenye vibakuli vya kabureta na kwenye bomba huanza kuchemka. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko juu kila kimiminika huchemka mapema kuliko Mombasa, kwa hiyo gari lililotulia pwani linaweza kusumbua bara bila kifaa chochote kuharibika.

Petroli ikichemka hutokea moja kati ya mambo mawili, na unatakiwa kujua lako ni lipi. Huenda inafurika kutoka kwenye vibakuli na kumwagika ndani ya manifoldi, injini ikalewa petroli. Au huenda vibakuli vimekauka na bomba limejaa mvuke ambao pampu haiwezi kuusukuma. Siku litakapogoma, fungua plagi moja uitazame. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, kanyaga ekseleta mpaka chini uishikilie hapo bila kupampu, piga stata, na hewa nyingi itaikausha. Ikiwa plagi ni kavu, weka kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu na bomba la petroli, kwa uangalifu kisiguse ekzosi, usubiri dakika tano. Likiwaka baada ya hapo, pampu yako ni nzima, na hata ukinunua ya umeme petroli itachemka vile vile ndani ya vibakuli.

Dawa ya kudumu ni kuzuia joto lisifike. Inama utazame kati ya kabureta na ekzosi: kiwandani paliwekwa bati la kukinga joto, na katika magari mengi niliyoyaona bati hilo halipo, kwa sababu fundi fulani miaka ya nyuma aliliona linamzuia kufikia nati akaliweka pembeni na halikurudi. Tazama pia vipande vinene vyeusi vilivyo kati ya kila kabureta na manifoldi; kazi yake ni kukata njia ya joto, na wengine hubandika gasketi ya karatasi peke yake mahali pake. Rudisha vyote viwili. Hakikisha bomba la petroli halilali juu ya injini na kwamba bomba la kurudisha petroli kwenye tangi halijazibwa, kwa sababu petroli inayozunguka haipati muda wa kuchemka. Wakati uko hapo, shika kila mpira wa petroli uubonye kwa vidole. Uliopasuka au uliokauka ubadili leo, tena kwa mpira uliotengenezwa kwa ajili ya petroli, si wa maji, na beba kizimamoto ndani ya gari. Hilo sikuombi, nakusihi.

Sasa tatizo la pili, la kushtuka ukikanyaga mafuta. Juu ya kila kabureta kuna kikombe kirefu cha alumini chenye kizibo unachoweza kukifungua kwa vidole. Kifungue, na utatoa kijiti chenye kitu kama kipistoni kidogo mwishoni. Je, kijiti kimelowa oili? Nadhani utakikuta kikavu. Ndani ya kikombe hicho kuna pistoni inayopanda na kushuka kufuata hewa inayovutwa na injini, na oili nyepesi iliyomo humo kazi yake ni kuichelewesha kidogo inapopanda. Ukikanyaga mafuta ghafla, pistoni inayocheleweshwa hulazimisha hewa ipite kwa kasi juu ya tundu la petroli, na hivyo petroli zaidi hunyonywa wakati ule ule injini inapoihitaji. Oili ikikauka, pistoni huruka juu mara moja, hewa hupita bila kasi, mchanganyiko unakuwa mwepesi, na injini inashtuka kama ulivyoeleza. Jaza oili nyepesi, SAE 20, mpaka ifike kati ya alama mbili za kijiti, kwenye kabureta zote mbili kwa kiasi sawa. Kabla ya kujaza, ondoa chujio la hewa, inua pistoni kwa kidole kisha uiachie. Inapaswa kushuka yenyewe na kugonga kwa sauti kavu, tak. Ikishuka kwa kusita, toa kikombe, ukisafishe kwa petroli na kitambaa laini, na usitumie msasa kabisa, maana nafasi kati ya pistoni na kikombe ni ndogo mno na mkwaruzo mmoja unaiharibu.

Baada ya hayo ndipo uguse mchanganyiko. Chini ya kila kabureta kuna nati ya kuuwekea. Ipandishe mpaka juu kwa mkono mwepesi, kisha ishushe mizunguko miwili na nusu, nao ndio mwanzo wa kawaida. Ukiipandisha unapunguza petroli, na kwa mwinuko wa Nairobi, ambako hewa ni nyepesi, huenda ukahitaji kuipandisha kidogo kutoka hapo. Rangi ya plagi itakuongoza: masizi meusi makavu ni petroli nyingi, nyeupe ya chokaa ni petroli chache, na kahawia ya biskuti ndiyo unayoitaka. Kisha linganisha hewa ya kabureta mbili kwa kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, ukisikiliza mvumo wa moja na wa nyingine mpaka ufanane. Mzee wako, naamini, alifanya hivyo mara nyingi.

Linamisi baada ya kuoshwa

*Fundi, nimeosha injini ya Honda Prelude langu la 1993, lenye kamshafti mbili, kwa maji ya presha. Sasa linatetemeka na kumisi. Nimeambiwa nibadili koili na distributa. — Msomaji, Kisumu*

Usinunue chochote. Plagi za injini hiyo ziko ndani ya visima virefu katikati ya tapeti kava, na maji ya presha yamepita chini ya vifuniko vya mpira yakajaa humo. Zima injini, vuta waya za plagi moja moja kwa kushika kifuniko na si waya, kausha kila kisima kwa hewa ya kompresa, kausha na ndani ya kofia ya distributa, kisha rudisha kila waya mahali pake. Ukikuta kisimani ni oili na si maji, hiyo ni habari nyingine: sili za visima vya plagi zimechoka, nazo hubadilishwa pamoja na gasketi ya tapeti kava. Siku nyingine injini ioshwe kwa brashi na kitambaa.

Linachemsha mlimani, na thamostati imetolewa

*Mwalimu, Toyota Celica langu la mwaka 1991 lilikuwa likichemsha kila nikipanda mlima Kitonga, ingawa mjini halina tatizo hata kwenye foleni. Fundi akatoa thamostati na kuitupa, akasema nchi yetu ni ya joto haihitajiki. Sasa asubuhi mshale wa joto haupandi kabisa, petroli inaisha haraka, na Kitonga bado linachemsha. Ananiambia sasa silinda hedi imepinda. — Msomaji, Iringa*

Ndugu yangu, jambo hili linaniuma kila ninapolikuta, na ninalikuta kila wiki. Thamostati si kifaa cha nchi za baridi. Ni mlango unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi. Ukiutoa, injini hufanya kazi ikiwa baridi kwa muda mrefu, na kompyuta, ambayo husoma joto la maji kupitia sensa yake, huamini kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa na huendelea kuongeza petroli. Hapo ndipo petroli yako inapokwenda. Oili nayo haipati joto la kutosha kukausha unyevu uliomo ndani yake, na asubuhi za Iringa si za joto hata kidogo. Isitoshe, kutolewa kwake hakukuondoa kilichokuwa kikisababisha ugonjwa, kama wewe mwenyewe ulivyoona.

Maelezo yako yana dalili nzuri sana ambayo haikusikilizwa. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa barabarani lina tatizo la feni. Gari linalotulia kwenye foleni na kuchemsha mlimani, ambako injini inatoa nguvu nyingi na joto jingi, feni yake ni nzima. Lililopungukiwa ni uwezo wa rejeta kupoza, au maji kupita. Kwa hiyo anza na rejeta. Tazama mbele yake kwa tochi, kati yake na kondensa ya kiyoyozi kama lina kiyoyozi, kwa sababu hapo hukusanyika matope, majani na wadudu ambao hawaonekani ukiwa umesimama. Kisha washa injini mpaka ipate moto, zima, subiri feni isimame kabisa, halafu pitisha kiganja polepole juu ya uso wa rejeta bila kufungua kofia. Sehemu zilizo baridi katikati ya zilizo moto ni mirija iliyozibwa na chokaa ya maji ya bomba. Rejeta ya namna hiyo huenda kwa fundi wa rejeta kusafishwa au hubadilishwa.

Baada ya rejeta tazama mpira wa chini, ule unaorudisha maji kwenye injini, wakati msaidizi anapandisha mizunguko. Ukiuona unanywea kama mrija wa soda, mpira huo umelegea na unajifunga wenyewe wakati pampu inapovuta kwa nguvu, yaani mlimani. Kisha kofia ya rejeta. Kofia nzima ya presha ya kilo 0.9 hufanya maji yachemke karibu nyuzi 118 badala ya 100 ukiwa usawa wa bahari, na Iringa, iliyo juu ya mita 1,500, maji yasiyofungwa kofia nzuri huchemka karibu nyuzi 95 tu. Kofia iliyolegea springi inakunyang'anya ulinzi huo, na ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nilivyovitaja. Usiifungue kamwe injini ikiwa ya moto. Nimeona mtu aliyeungua uso na mikono kwa sekunde moja.

Nunua thamostati mpya yenye joto lililoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, na kabla ya kuifunga ijaribu jikoni: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji yanayopashwa moto, isiguse chini, na uitazame ikifunguka kadiri maji yanavyokaribia namba iliyogongwa juu yake. Jaza mfumo kwa mchanganyiko wa kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, na maji safi yasiyo na chumvi, polepole, hita ikiwa imefunguliwa kwenye moto, mpaka mapovu yaishe. Maneno ya silinda hedi iliyopinda yaache mpaka haya yote yamekwisha. Ikiwa maji hayapungui bila kuvuja, oili haijawa kama maziwa, na ekzosi haitoi moshi mweupe injini ikiwa ya moto, sioni sababu ya kuifungua.

Stata inasita, taa zinafifia

*Hujambo Fundi? Mimi ni mama mtu mzima, na Corolla Levin la mwaka 1986 la mwanangu aliye masomoni ndilo ninalolitunza. Siku nyingine likipigwa stata linasema "tik" tu, siku nyingine linawaka mara moja. Taa nazo hufifia. Betri ni mpya, ya miezi mitatu. Nimeambiwa ninunue stata na alternata. — Msomaji, Tanga*

Sijambo, mama. Nakushukuru kwa kumtunzia mwanao. Kasoro inayokuja na kuondoka, siku njema na siku mbovu, mara nyingi ni ya viunganisho, na Tanga, kama miji yote ya pwani, ina upepo wa chumvi unaokula shaba na risasi usiku na mchana. Kabla ya kununua stata, naomba ununue au uazime mita ya umeme, kisha umwite kijana wa jirani akusaidie.

Gari likiwa limelala usiku kucha, pimeni betri: volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni karibu nusu. Washeni injini, mpime tena. Kati ya volti 13.8 na 14.5 alternata ni nzima, na fedha hiyo umeiokoa. Kipimo cha tatu ndicho muhimu kuliko vyote, nacho hufanywa na wachache. Wekeni ncha moja ya mita kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, si kwenye klampu yake, na ncha ya pili kwenye chuma kisicho na rangi cha injini, kisha mtu apige stata. Mita isome chini ya volti 0.5, na ikiwa nzuri sana 0.2. Ikisoma volti moja au mbili, umeme wako unapotelea njiani, katika waya wa hasi unaounganisha betri, bodi na injini. Rudieni upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi kwenye nati nene ya stata.

Mkishapata penye hasara, fungueni, mkianza na waya wa hasi wa betri siku zote. Mtaona unga mweupe au wa kijani. Unga wa kichwani mwa betri husafishwa kwa maji ya uvuguvugu yenye bikaboneti ya soda, maji hayo yasiingie ndani ya betri. Viunganisho vingine vikwanguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, pamoja na pale waya wa hasi unaposhika bodi, mahali ambapo kutu hujificha chini ya bolti. Kazeni, kisha pakeni mafuta mazito ya mgando juu yake ili upepo wa bahari usipate njia. Waya uliovimba chini ya ngozi yake ubadilishwe, kwa sababu chumvi imeshaingia ndani na shaba imekuwa unga.

Halafu rudieni kipimo cha tatu. Kikiwa chini ya 0.5 pande zote mbili na bado linasema "tik", hapo ndipo stata ifunguliwe, na hata wakati huo mwambie fundi atazame kwanza vipande vya shaba vilivyo ndani ya solenoidi, yaani swichi kubwa ya stata, ambavyo huliwa na cheche na hubadilishwa peke yake. Niandikie volti mtakazozipata, mama, na upande mlikozipata.